B ya Mukendi

Likasi, siku ya mwisho kabla ya safari yako

Adèle mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, na za wanaume wa mpakani Kasumbalesa, na kwamba pasipoti usimwonyeshe mtu mpaka aiombe mara mbili. Amekufungia samaki wakavu wa ziwa Tshangalele wengi kiasi kwamba camion nzima mtakayopanda itanuka hadi Lusaka. Mimi sina la kuongeza hapo. Mambo ya kila siku anayajua yeye, na usipomsikiliza utajua mwenyewe.

Sasa hivi umekwenda misheni kuwaaga mapadri, na mama yako yuko sokoni. Nimekaa mezani upande wa dirisha, maana umeme haujarudi tangu Jumanne na jua litatua muda si mrefu. Karatasi hii ndefu yenye matundu pembeni nilitoka nayo ofisini siku tuliyoambiwa tusirudi tena kazini. Ukiigeuza utaona majina ya watu na namba zao. Usiigeuze kwanza, nitakuambia wakati wake.

Ninataka kukuzungumzia mstari mmoja wa skripti yako ya kompyuta. Mmoja tu. Na ili niuzungumzie inabidi nikuambie jambo la parrain wako wa ubatizo, Mukendi, ambalo nimekuficha kwa miaka saba. Ukimaliza kusoma unaweza kunikasirikia. Nitakuwa hapa hapa, sina pa kwenda.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka ofisi ya mapadri, kwenye ile kompyuta yao moja, umezishika karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ukazitandaza juu ya meza hii. Ilikuwa kazi waliyokupa hao watu wa Lusaka unaokwenda kufanya kazi kwao, ili waone kama unafaa: ukurasa wa wavuti ambapo familia zilizotawanyika na fujo za miaka hii zitatafutana. Mtu anajaza fomu, anaandika jina la anayemtafuta na namba yake ya zamani ya kazi, na ukurasa unamtafuta kwa namba hiyo kwenye orodha za zamani za wafanyakazi, kwa sababu majina yanafanana lakini namba ya kazi kila mtu wa migodini anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Ukaweka kidole kwenye mstari mmoja.

“Papa, ona. Bantu banaandika namba mubaya-mubaya. Mwingine anatia espace, mwingine anatia barre, mwingine point. Huu mustari unafagia byote. Inabakia chiffres tu.”

Mstari wenyewe ulikuwa huu, nimeunakili:

$namba =~ s/\D//g;

Ukanieleza kwa subira ya mwalimu mwenye mwanafunzi mzee. Kistari kinacholalia nyuma pamoja na d ndogo ni tarakimu yoyote, sifuri hadi tisa. D ikiwa kubwa ni kinyume chake: chochote kile kisicho tarakimu, iwe nafasi, mkwaju au nukta. Popote skripti inapokikuta kitu hicho, inakiondoa na haiweki kitu mahali pake.

Nilishangaa kweli. Kazi hiyo hiyo mimi iliwahi kunichukua nusu ukurasa, nikiipitisha mashine herufi moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na wewe umeimaliza kwa alama mbili. Niliona fahari. Niliwaza kwamba mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa sasa ananifundisha mimi. Halafu nikakumbuka kazi ile niliifanya lini na iliishia wapi, na fahari ikanikauka mdomoni. Nilisema, “Iko bien,” nikatoka kwenda kumwagilia kabichi. Mama yako akaniuliza kama nina akili timamu, kwa nini ninamwagilia kabichi zilizonyeshewa tangu asubuhi.

Nilikuwa ninakimbia, mwanangu. Na mimi nina mazoea ya kukimbia nikiwa nimesimama pale pale.

Sikiliza desturi ambayo wewe hukuikuta. Zamani, kampuni yetu ya migodi ilipomwajiri mtu, ilimpa namba, na namba hiyo ilikuwa nyumba yake, chakula cha watoto wake, kitanda chake hospitalini. Alipozeeka au kufa, mtoto wake wa kiume akaajiriwa mahali pake, kampuni haikumpa namba mpya. Ilimpa ya baba, ikamwongezea herufi. Watu walijivunia jambo hilo. Ukisikia mtu anajiita “kaB” kwenye bar, ujue baba yake alikuwa mwajiriwa na yeye amekamata nafasi. Walimtania, “Weye haukutafuta kazi, kazi njo ilikurithi.”

Mzee Mukendi aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, akapewa 4417. Alifanya kazi kwenye tanuru mpaka kifua kikamshinda, akazikwa hapa Likasi. Mwanawe, parrain wako, akaajiriwa kwa 4417/B. Alizaliwa katika hospitali ya kampuni, mitaa miwili kutoka kwetu. Tulisoma pamoja, tulipata komunyo pamoja, na nilipotafuta mtu wa kukushika kwenye ubatizo sikuangalia kushoto wala kulia. Ile calculatrice ndogo ya kuhesabia iliyo kwenye mfuko wako, uliyokataa kuiacha hata vitufe vilipofutika, ni yeye aliyekupa. Na kambo, yule bibi yetu, mama yake Mukendi, ndiye aliyekuogesha mwezi mzima mama yako alipokuwa mgonjwa baada ya kukuzaa.

Basi. Mwaka ule ofisini kwetu ilikuja mashine mpya, na mimi ndiye niliyepewa kuhamisha orodha ya wafanyakazi. Mashine mahali pa namba ilitaka tarakimu peke yake. Chef wetu, mkuu wa ofisi, mtu wa haraka aliyependa kumaliza kazi kabla haijaanza, alisimama nyuma ya kiti changu.

“Bale benye herufi tufanye namna gani, chef?” nilimuuliza.

“Toa herufi. Ile machine inataka chiffres. B inatufanyia nini?”

Nikaandika ile nusu ukurasa yangu. Kama si tarakimu, tupa. Nilikuwa fundi mzuri, programu ilikwenda mara ya kwanza bila kosa hata moja, nami nikaenda kunywa chai.

Niliporudi orodha ilikuwa fupi. Si sana, lakini mimi ni mtu wa kuangalia unene wa karatasi, na ile ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani. Nikatafuta sababu na haikuchukua muda. Mashine ilipokuta namba moja mara mbili, ilibakiza ya kwanza na kuacha ya pili. 4417 wa kwanza alikuwa mzee. Wa pili, aliyepoteza B yake, hakuwepo tena. Sasa geuza ukurasa huu, Adèle. Katikati, karibu na doa la chai. 4417, Mukendi, amefariki.

Nilimpelekea chef siku hiyo hiyo. Hilo angalau nililifanya, na kwa miaka mingi nimejifariji nalo, lakini faraja hiyo imechakaa. Aliangalia orodha, akaangalia mlango, akapunguza sauti.

“Bale ba B, mingi ni bantu ya kule, ba non-originaires. Beko naenda kwabo. Utajisumbua na namba ya muntu anaenda?”

Unakumbuka miezi ile, ingawa ulikuwa na miaka kumi na miwili na nilikufungia ndani. Unakumbuka vijana waliopita na filimbi, na nyumba zilizowekwa alama ya chokaa. Watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa kutoka mji waliozaliwa ndani yake. Sitakupa somo la historia. Nitakuambia tu nilichoona kwenye dirisha langu la kuhudumia watu ofisini: wenye B waliokuwa wa huku walikuja kulalamika, na niliwarudisha kwenye orodha mmoja mmoja kwa mkono, nikitumia namba mpya. Ilikuwa kazi ya dakika tatu kwa kila mtu. Wa Kasai walipokuja, tuliwaambia warudi.

Mukendi alikuja Ijumaa. Nikamwambia arudi Lundi, yaani Jumatatu. Alirudi Lundi amevaa shati la Misa, na bahasha yenye cheti chake cha ubatizo na karatasi ya mazishi ya baba yake, ili mashine ione tofauti. Chef alikuwa ndani. Kwenye benchi walikaa vijana wawili ambao hawakuwa wafanyakazi wa kwetu, na kila mtu alijua wamekuja kutazama nani anahudumia nani.

Nilisema, “Machine inasema ulikufaka.”

Alicheka. Alidhani ninamtania, maana tulikuwa tunataniana tangu darasa la kwanza. Akaegemea dirisha, uso wake karibu na wangu.

“Kabwe. Weye unaniona?”

“Ninakuona.”

“Basi andika. Ile ni namba ya baba, minye niko na B.”

“Machine inakatala.”

Akanitazama. Mashine haikuwa imekataa kitu, mikono yangu ilikuwa juu ya meza haijagusa hata kitufe, na yeye aliiona mikono hiyo. Akakusanya karatasi zake polepole, akahakikisha cheti cha ubatizo hakikunjiki, akasema, “Merci, Kabwe. Salimia mutoto.” Mtoto ni wewe.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu, yalianza kabla Mukendi hajafika mlangoni. Nilikuwa na sauti ya kumwita, na sikumwita.

Sijidanganyi kwamba dakika zangu tatu zingezuia yote. Wengi wenye namba safi walifukuzwa vilevile. Lakini asiye kwenye orodha alitolewa nyumba ya kampuni wiki ile ile, na Mukendi, mke wake na kambo walikwenda gare mapema kuliko wengi, wakalala uani pa kituo wakingoja treni iliyokuwa haiji. Mvua ikaanza. Kambo akashikwa na kifua. Wakambeba hadi hospitali ya kampuni, naye alikuwa na haki, alikuwa kwenye kadi ya mwanawe. Mlinzi akaangalia orodha mpya, iliyotoka mikononi mwangu, akawaambia namba hii imefungwa, mwenyewe amekufa. Wakambeba kurudi gare. Alifia pale.

Mimi nilikuambia alifia Kasai, kwa uzee. Nilikuambia pia kwamba parrain wako aliondoka kwa hiari, kwamba alitaka kwenda kwao. Ulipouliza kwa nini hakukuaga, nilisema watu wakubwa wakati mwingine wana haraka. Ulilia, halafu ukaacha kuuliza, na nilishukuru ulipoacha. Hilo nalo linaniuma. Kila Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, ninaposema ninakwenda kung’oa majani kwenye kaburi la mzee Mukendi, ninang’oa pia kwenye kaburi la pili lisilo na msalaba. Umenisindikiza huko mara mbili na hukuuliza lile la pili ni la nani.

Hakuna aliyenilaumu. Wiki chache baadaye niliongezewa cheo, na miaka michache baadaye kampuni yenyewe ikafa mikononi mwetu, cheo, orodha, mashine na vyote. Mashine iliibiwa usiku mmoja na hakuna aliyeitafuta. Mimi sasa ni mtu wa kabichi. Mama yako anajua yote haya. Nilimwambia mwaka uliofuata. Alihamisha tu picha ya ubatizo wako kutoka sebuleni kwenda chumbani, kwa sababu hakuweza kumtazama Mukendi wakati wa kula.

Sasa turudi kwenye mstari wako.

D yako kubwa haijui kitu chochote kwa jina. Inajua tu kisichokuwa. Nafasi tupu iliyowekwa na kidole cha mtu aliyechoka, nukta, kistari, na B ya Mukendi, kwake vyote ni kimoja, kwa kuwa vyote si tarakimu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Sisi nasi mwaka ule tulikuwa na neno la namna hiyo. Mukendi tulimjua kwa utani wake, kwa kula bukari la moto hadi kujiunguza, kwa kuimba vibaya kanisani. Siku moja akawa mtu asiye wa hapa, na neno hilo likamweka kapu moja na watu maelfu ambao hatukuwajua, na kapu lote likafagiwa. Sikuandika mimi neno hilo, lakini nilikaa nalo ofisi moja na sikuondoka.

Wewe hukufanya kosa langu. Wewe ulifagia uchafu kwa nia njema, hukujua kwamba ndani yake kuna watu, na hukujua kwa sababu mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, nilinyamaza nikaenda kumwagilia kabichi. Wenye B wakikuta ukurasa wako kule Kasai, au Angola, au popote treni zilipowamwaga, wataandika namba zao kama walivyozijua: 4417/B. Hawa ndio watakaokuja zaidi ya wengine, maana ndio waliotawanywa. Na mstari wako utawageuza kuwa baba zao, tena marehemu. Mara ya pili, mwanangu. Na mara hii kwa mkono wa mtoto ambaye Mukendi alimshika kwenye ubatizo.

Nimejaribu kuandika nyingine pembeni. Wewe ndiye fundi sasa, utacheka kosa langu, lakini nadhani D kubwa inaweza kutumika kuuliza badala ya kufuta:

if ($namba =~ /\D/)

Yaani, kama kuna kitu kisicho tarakimu, simama. Nafasi na nukta ziondoe ukitaka, lakini uzitaje moja moja kwa jina lake, usizitupe kwa kuwa si kitu kingine. Herufi ikibaki, iache. Na kama huelewi imefuata nini pale, iweke kando mpaka mtu aisome kwa macho. Itakuchelewesha. Huko Lusaka naamini yuko mtu atakayesimama nyuma ya kiti chako na kukuuliza hiyo B inafanya nini. Sikuambii umjibu nini. Mimi nilikuwa na nafasi ya kujibu na unajua nilichojibu.

Ulinieleza kwamba ukurasa ukianza kufanya kazi utahitaji jina la kwanza la kujaribia, na kwamba utabuni mtu wa uongo. Usibuni. Mama yako anarudi, nasikia anabishana na jirani langoni, kwa hiyo ninafupisha. Weka haya:

Anayetafutwa: Mukendi. Namba: 4417/B. Mji alikozaliwa: Likasi. Anayetafuta: Kabwe, wa dirisha la ofisi ya wafanyakazi. Mahali pa uhusiano umeweka ndugu, rafiki, jirani, wachague wenyewe. Mimi sijichagulii. Nichagulie wewe, ukishamaliza hasira, na kama hakuna linalonifaa pawe patupu.

Kisha bonyeza, utazame nani anatoka. Akitoka mzee aliyefariki, rudi kwenye mstari ule. Akitoka yeye, acha fomu ikae huko wazi, mwaka, miaka, hata nikiwa sipo. Na kwenye kisanduku cha ujumbe, andika hivi kwa Kiswahili chetu, usinisafishie maneno:

Mukendi, minye Kabwe. Machine haikukatalaka, minye njo nilikatalaka. Ninakuona. Na ile Lundi nilikuonaka.

Baba yako